Mwaka wa Ndege kwa Baisikeli: Je, ni Kazi ya Wasio na Kazi?



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kulijibu neno lililosemwa katika mdahalo wa muhula uliopita. Msemaji mmoja wa upande wa wapingaji, ambaye ni rafiki yangu na tunalala bweni moja, alisimama akasema kwamba kutazama ndege ni kazi ya watu waliokwisha kushiba, na kwamba mtoto wa mkulima wa Njombe akionekana amesimama kando ya barabara na baisikeli yake, macho juu, watu watadhani ama amepotea ama anatafuta mzinga wa nyuki. Ukumbi mzima ulicheka, nami nilicheka pia, ingawa nilijua kwamba ananisema mimi. Lakini usiku nilipolala nililifikiri neno lile, nikaona kwamba nusu yake si kweli na nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ya kweli ndiyo inayonisumbua.

Wasomaji wengine hawajui habari yenyewe, basi yanipasa kuieleza. Mimi nimekusudia, Mungu akipenda, baada ya mtihani wetu wa Novemba, kufanya mwaka mmoja wa kuhesabu ndege kwa baisikeli. Maana yake ni kuandika katika daftari kila aina ya ndege nitakayoiona, au kuisikia kwa yakini, tangu tarehe 1 Desemba mpaka tarehe 30 Novemba ya mwaka utakaofuata, bila kupanda basi wala pikipiki kumfuata ndege hata mmoja. Ni miguu na baisikeli tu. Nchi nitakayoizunguka ni hii yetu, toka Makambako mpaka Njombe, mwendo wa kilomita kama 60, pamoja na vijiji vya kando yake na safari mbili tatu za mbali kidogo. Hesabu niliyojiwekea ni aina 200. Kwa Tanzania nzima, ambayo ina aina zaidi ya 1,100, hesabu hii ni ndogo, lakini kwa mtu mwenye jembe mkononi si ndogo hata kidogo.

Jambo hili sikulibuni mimi. Mwalimu wetu wa Biolojia alitusimulia habari za Mmarekani mmoja, Dorian Anderson, ambaye mwaka 2014 aliizunguka nchi yake kwa baisikeli mwaka mzima, akaenda kilomita zipatazo 28,000 na kuona aina zaidi ya 600. Kabla ya hapo, mwaka 2007, kijana wa Kanada aitwaye Malkolm Boothroyd, ambaye wakati ule alikuwa na umri mdogo kuliko wangu wa leo, aliondoka kwao Yukon pamoja na baba yake na mama yake, wote watatu juu ya baisikeli, wakaenda mpaka Florida. Katika mwaka mmoja waliona aina zaidi ya 500. Niliposikia habari za kijana huyu sikupata usingizi vizuri kwa siku tatu.

Hata hivyo, nilipozidi kuzifikiri habari hizi niliona jambo ambalo mwanzoni halikunipitia akilini. Watu hawa wote waliacha kitu. Yule wa kwanza aliacha kazi yake ya utafiti wa sayansi. Yule kijana aliacha shule kwa mwaka mmoja, na wazazi wake walifunga nyumba yao wakaondoka naye. Sisi nyumbani tu watu saba na baisikeli moja. Baisikeli yenyewe ni ya baba, nzito, ya chuma cheusi, na keria yake imeongezewa vyuma ili ibebe gunia la viazi. Siku ambayo mimi naipanda kufuata ndege, siku hiyo kuna mzigo ambao mtu ataubeba kichwani, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Hapo ndipo neno la rafiki yangu linaponichoma.

Tena nalijua kwa kosa langu mwenyewe. Likizo ya Desemba iliyopita baba alinituma Makambako kununua dawa ya ukungu wa viazi. Ilikuwa Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na kila mkulima wa viazi ajua maana yake. Niliondoka alfajiri. Njiani pana bonde lenye maji, na ndani yake niliwaona korongo wawili wenye taji, wale walio katika bendera ya Uganda, na nyuma yao kifaranga mmoja wa rangi ya hudhurungi akijikwaa majanini. Ndege hawa tangu mwaka 2012 wameandikwa na shirika la uhifadhi la IUCN kuwa wako katika hatari kubwa ya kutoweka, kwa kuwa mabonde yenye maji yanalimwa na vifaranga vyao hukamatwa na kuuzwa. Nililaza baisikeli majanini, nikakaa. Sikuwa na saa. Mama mtu alikuwa akimwonyesha mtoto wake namna ya kukanyaga nyasi kwa miguu ili panzi waruke, na kila mtoto alipomkosa panzi mama alirudia tena. Nilipoinuka jua lilikuwa limepita utosi. Karibu na mji tairi la nyuma lilipata pancha, na nilipolifikia duka nikaukuta mlango umefungwa. Jumapili hawafungui. Jumatatu niliinunua dawa, lakini mvua ilinyesha tena siku nne, wala dawa haipigwi katika mvua, na ukungu ukaingia shambani.

Baba hakunipiga. Alisimama pembeni ya shamba akasema, "Korongo wako wamekula robo ya viazi vyetu." Kisha akachukua ufunguo wa kufuli ya baisikeli akautia mfukoni, ukakaa humo mpaka siku ya mimi kurudi shuleni. Robo ile ya shamba ndiyo iliyokuwa iwe viatu vyangu na blanketi jipya, na wasomaji wanaoijua baridi ya Njombe ya mwezi wa Juni na Julai wataelewa kwamba adhabu sikuikosa.

Sasa nusu ya pili, ambayo si kweli. Rafiki yangu asema hii ni kazi ya walioshiba, tena asema ni mambo ya Wazungu. Mimi nasema mkulima ndiye anayekaa na ndege kutwa, ila hajaambiwa kwamba aonavyo vina thamani. Nani huona korongo weupe wanapoteremka kwa mamia baada ya mvua, wakala viwavijeshi katika mahindi machanga? Si mtalii. Ni yule aliye na jembe. Nani ajuaye kwamba yangeyange wakiufuata ng'ombe mkia ni kwa sababu kwato zake zinafukuza wadudu? Ni mchungaji. Mwaka 1991 wataalamu kutoka Denmark waliokuwa wakichunguza ndege katika milima ya Udzungwa, mkoani Iringa, waliona ndani ya sufuria ya chakula kambini miguu ya ndege wasiyemjua. Huyo ndiye kwale wa Udzungwa, ambaye vitabu vya ulimwengu mzima havikuwa na habari zake. Wenyeji walikuwa wakimtega. Naam, walikuwa wakimjua hata kwa ladha, ila hakuna aliyewauliza.

Na ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika nchi ambayo leo ni Malawi, alikuwako mtu aliyeitwa Jali Makawa. Alifanya kazi miaka mingi pamoja na Bwana C. W. Benson, mtaalamu wa ndege, na sifa yake ilikuwa kwamba aliweza kumtambua ndege kwa sauti yake na kumwita kwa kumwigiza mpaka aje karibu. Vitabu vingi vina jina la Benson juu ya jalada. Bila masikio ya Jali Makawa vingekuwa vyembamba.

Basi maoni yangu ni haya: mwaka wa ndege wafaa kwa watu wa kwetu, lakini si kwa namna ya wale walioacha kila kitu. Kwetu lazima upangwe kuifuata kazi, yaani kazi iwe ndiyo njia na ndege waonwe katika njia hiyo. Anayeupanga kinyume na kazi za nyumbani atawaibia watu wake, kama mimi nilivyowaibia, na hata ndege atawaona kwa moyo wa wasiwasi.

Katika likizo ya Juni niliandika mpango wangu katika ukurasa wa daftari, safu mbili, upande mmoja kazi na upande mmoja ndege, nikampelekea baba. Niliogopa sana. Mama ndiye aliyeuliza kwanza, naye aliuliza neno moja tu: "Utakula nini njiani?" Baba alisoma kimya, kisha akaomba kalamu. Alifuta safari yangu ya Januari yote, akaandika pembeni, "Palizi." Alifuta wiki moja ya Juni, akaandika, "Mahindi." Nilidhani atafuta ukurasa mzima. Lakini alipofika mwezi wa Machi, mahali ambapo mimi sikuandika kitu kwa kuwa niliona ni mbali mno, yeye akaongeza kwa mkono wake: "Mpelekee shangazi mbegu Igawa." Wasomaji wasioijua njia hii, Igawa iko ng'ambo ya Makambako, katika barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, nako ni mwanzo wa bonde la Usangu, nchi ya joto na mashamba ya mpunga. Huko kuna ndege wa majini ambao mimi hapa milimani nisingewaona hata nikikaa miaka kumi. Kazi ya baba imenipa kile ambacho mimi mwenyewe sikuthubutu kukiomba.

Hesabu ya siku ni hii. Baisikeli hubeba viazi na parachichi siku ya Jumatatu na ya Alhamisi. Jumamosi huchukuliwa na kaka yangu. Jumapili ni ibada mpaka mchana. Ukitoa majuma ya kupanda, ya palizi na ya kuvuna, na siku za msiba na za harusi ambazo hazina kalenda, nimebakiwa na siku kama 60 katika mwaka mzima ambazo baisikeli ni yangu tangu asubuhi hadi jioni. Yule Mmarekani alikuwa na siku 365. Lakini mimi nina pia zile siku za kutumwa, maana hakuna aliyenikataza kuwa na macho wakati nimebeba gunia. Kwa siku hizo nimejiwekea sheria moja tangu kosa lile la Desemba: mzigo kwanza. Wakati wa kwenda nisisimame kwa ajili ya ndege yeyote, hata akiwa tai mwenye taji. Wakati wa kurudi, baada ya kazi kwisha, naweza kusimama nitakavyo mpaka jua lipungue.

Sheria hii ina msaada wa maumbile pia, kwa sababu Makambako iko chini ya Njombe. Kwenda ni mteremko mwingi, na kurudi ni kupanda. Juu ya hayo kuna upepo wa Makambako, ambao kila aliyewahi kushuka basi pale ameushika kofia yake. Mtu anayesukuma baisikeli mlimani dhidi ya upepo hana haja ya kutafuta sababu ya kusimama. Aina nyingi katika daftari langu, ambalo sasa lina aina 87, niliziona nikiwa nimeegemea usukani natweta.

Nitaanza na mwezi wa Desemba nikiwa shambani, kwa sababu ni wakati wa kupanda, na baisikeli itakaa ukutani. Sioni hasara. Huo ndio wakati ambapo wageni wa mbali wanafika pamoja na mvua: mbayuwayu wa Ulaya, korongo weupe, na wale kozi wadogo wa Amur watokao mashariki ya Asia na kuivuka Bahari ya Hindi. Watu wa Ulaya zamani hawakujua mbayuwayu na korongo wao huenda wapi wakati wa baridi. Wengine walidhani hulala chini ya matope ya ziwa. Mwaka 1822 alionekana Ujerumani korongo mmoja aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni mwake, naye alikuwa ameruka nao mpaka kule. Ndipo wakasadiki. Mimi hupenda kumfikiria yule mtu aliyeurusha mkuki ule, ambaye alirudi nyumbani amekosa kitoweo na kuipoteza silaha yake, wala hakujua kwamba amewafundisha wataalamu jambo kubwa.

Januari na Februari ni palizi, kama baba alivyoandika. Machi ni Igawa kwa shangazi. Hapo nina hofu moja, nayo ni malori ya barabara kuu. Nimemwahidi mama kwamba nitaondoka kukiwa kumepambazuka kabisa, na nikisikia lori nyuma yangu nitashuka barabarani hata kama ni matopeni. Afadhali kupoteza nusu saa. Huko Usangu nataka kuwaona kwelea kwelea pia, ingawa najua si wageni wanaopendwa. Shangazi huamka alfajiri kupiga debe katika mpunga, na wakizidi sana Serikali huleta ndege ya kunyunyiza dawa, yaani ndege kuua ndege. Mtu akiandika juu ya ndege asiwasifu tu. Hawa hula jasho la watu.

Wiki ya Pasaka nimepanga kwenda Kitulo, huko Makete, ambako tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, iliyowekwa hasa kwa ajili ya maua yake, na watu huiita Bustani ya Mungu. Huko yuko tandawala, ndege mkubwa atembeaye majanini kama mzee anayekagua shamba lake. Milima ya njia hiyo ni mikali, nami sitajigamba kwamba nitaipanda yote nikiwa juu ya baisikeli. Fedha ya kiingilio nitaiweka akiba kwa mauzo ya parachichi. Isipotimia, nitaishia Kipengere, na wala si hasara, maana milima ya Kipengere ina chiriku wake mweusimweusi ambaye hapatikani katika nchi yoyote nyingine ila Tanzania.

Julai hadi Oktoba ni vinyungu, na hapo ndege wote wenye kiu huja kwetu wenyewe. Lakini kuna jambo ambalo siwezi kulipanga. Nikifaulu na kuchaguliwa kwenda kidato cha tano, Julai nitakuwa shule nyingine, labda Tabora au Mtwara, ambako sijafika. Nimeamua kwamba mwaka hautakatika. Baisikeli itabaki kwa wenyewe, nami nitaendelea kwa miguu ndani ya uwanja wa shule mpya, wapya wakaandikwe chini ya mstari mwekundu.

Jambo moja linanitia haya. Niliwauliza wenzangu 40 wa bweni letu kama wajua kwamba kuna ndege ambaye jina lake la kitaalamu ni la mji huu wetu. Hakuna aliyejua, na baadhi yao wamezaliwa Njombe. Aitwa Cisticola njombe. Ni ndege mdogo wa rangi ya majani makavu, akaaye katika nyasi na vichaka vya milima ya kusini yetu, na katika uwanda wa Nyika ng'ambo ya Malawi. Aliyemwandika kwa jina hilo mwaka 1933 ni Hubert Lynes, Mwingereza aliyekuwa amiri wa manowari, na ambaye alipostaafu aliacha bahari akaja kuhangaika na ndege wadogo wa majanini waliofanana mno hata watu wengine walishindwa kuwatofautisha. Niliposoma habari zake nilishangaa kwamba mtu aliyekuwa akiamuru manowari alikubali kulala tumboni katika umande wa Ubena kwa ajili ya ndege asiyejaa kiganja. Mimi nimemwona mara mbili. Nyumbani kwetu hana jina la peke yake. Bibi humwita kwa neno lile lile la ndege wote wadogo.

Nimekuja sasa kwenye jambo ambalo hasa limenifanya nishike kalamu.

Chini ya nyumba yetu kuna bonde la nyasi ambalo halijalimwa, kama ekari moja na nusu, na katikati yake kuna shimo la zamani la muhanga. Kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba hufika pale mbayuwayu wa namna nyingine kabisa, wa buluu ya kuiva inayong'aa kama mafuta, na dume ana nyuzi mbili ndefu za mkia. Huyu ndiye mbayuwayu wa buluu. Hatengenezi kiota chini ya paa kama wenzake. Hushuka ndani ya shimo la ardhini, akabandika kikombe cha udongo katika dari ya shimo, akazaa humo. Ikifika Aprili huondoka kwenda Uganda na nchi zilizo jirani na Ziwa Viktoria. Huzaa katika nyasi za nchi za juu tu, toka kwetu huku hadi Afrika Kusini, na IUCN imemweka katika orodha ya walio hatarini, kwa sababu nyasi hizo zimelimwa na kupandwa miti.

Miti hiyo ndiyo sisi. Miwati ya Kibena ilianzishwa na kampuni iliyoundwa mwaka 1949 ili magome yake yatengeneze ngozi, na baada yake imekuja misindano na mikaratusi ya kila kijiji. Sitaki mtu anielewe vibaya. Paa la nyumba yetu ni mbao za misindano. Dawati ninaloandikia ni la mbao hizo. Dada yangu mkubwa aliolewa kwa heshima kwa sababu baba aliuza miti. Anayesema miti ni adui wa Njombe hajalala nyumba ya nyasi inayovuja. Lakini baba sasa ataka kulipanda lile bonde misindano mvua zikianza, na misindano ikiota nyasi zitakwisha, na mbayuwayu wa buluu hataweza kuruka chini chini kutafuta wadudu kama desturi yake.

Nimeleta hoja zangu kwa baba. Nilimwambia kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi zenye madhara ndani ya mita 60 toka mtoni, na nilipolipima bonde kwa hatua sehemu kubwa iko ndani ya mita hizo. Baba alitazama vinyungu vyetu, ambavyo viko karibu na maji kuliko hilo shimo, akanitazama mimi, na hoja ile nikaiacha. Kisha nikasema kwamba kwenye mlima nyuma ya nyumba kuna udongo uliochoka, usiokubali tena viazi, na misindano ingeota huko bila kutunyang'anya kitu. Hapo alinyamaza kidogo. Akauliza nani atabeba miche kuipandisha mlimani. Nikasema mimi, kwa baisikeli, katika siku zangu 60.

Hakusema ndiyo, wala hakusema la.

Wiki iliyopita mama alikuja siku ya kutembelewa wanafunzi, akaniletea karatasi iliyokunjwa kutoka kwa mdogo wangu wa kike aliye darasa la sita. Nilimwachia kazi ya kulilinda shimo wakati mimi niko bwenini. Ameandika kwa penseli: "Jumamosi asubuhi wawili. Jumapili baada ya kanisa wawili. Mmoja ana mkia mrefu. Wameingia ndani." Mama akasema baba amekubali kwamba Jumapili ya kwanza baada ya mtihani wetu tutashuka bondeni yeye na mimi, akaone mwenyewe. Miche imekwisha kulipiwa, iko kitaluni, inangoja mvua.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne